Nani Atashinda? Ubashiri wa Urais wa Kongo Ukitazamwa kutoka Kalemie

Uchaguzi unapokaribia, Kalemie nzima huanza hesabu. Bandarini, wanawake wanapopokea ndagala alfajiri. Mitaani Lubuye na Kataki, mbele ya vibanda vya kuchajia simu. Misibani, arusini na baada ya ibada, swali ni lile lile. Nani atashinda? Na anayejibu hakisii ovyo, anazo sababu zake. Atakuuliza mgombea ni mtoto wa nani na anatoka upande gani. Atakuuliza kama anasema Kiswahili au Kilingala. Atataka kujua nani kaungana naye, maaskofu wamesemaje, na waliopo madarakani wanamtaka nani. Mwisho kabisa, akishusha sauti kidogo, atakuuliza nani anakalia kiti cha CENI, Tume ya Uchaguzi.

Ubashiri wa namna hii haupungui heshima mbele ya ule wa maprofesa. Marekani, mwanauchumi Ray Fair wa Chuo Kikuu cha Yale alitunga mwaka 1978 kanuni inayotegemea zaidi ukuaji wa uchumi na mfumuko wa bei: mambo yakiwa mazuri mfukoni, chama tawala kina nafasi nzuri. Mwaka 1981 mwanahistoria Allan Lichtman aliungana na Vladimir Keilis-Borok, mtaalamu wa Kisovieti aliyekuwa akichunguza dalili za matetemeko ya ardhi, wakatunga maswali 13 ya ndiyo au hapana. Yakijibiwa hapana sita au zaidi, chama kilicho madarakani kinaanguka. Kanuni hiyo ilimpa Lichtman sifa kwa miaka mingi, kisha mwaka 2024 akamtabiria Kamala Harris ushindi, naye akashindwa.

Kanuni zote hizo zimejengwa juu ya jambo moja ambalo hata halitajwi: kwamba kura zikishapigwa zitahesabiwa, na hesabu itatoka jinsi ilivyo. Hapa kwetu jambo hilo haliwezi kuachwa bila kutajwa. Kongo ina ubashiri wa aina mbili. Wa kwanza unauliza wananchi watampigia nani. Wa pili unauliza nani atatangazwa. Kalemie imejifunza aina zote mbili tangu zamani, hata kabla ya kuitwa Kalemie, na historia hiyo inafaa isimuliwe kwa mpangilio kwa sababu vijana watakaopiga kura mara ya kwanza mwaka 2028 hawakuiona.

Mwezi wa Mei 1960 mji huu uliitwa Albertville. Reli ya kutoka Kabalo ilikuwa imefika Ziwa Tanganyika tangu 1915, kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilikuwa kikiajiri, na Wabelgiji walikuwa wakijiandaa kuondoka kwa haraka ambayo hakuna aliyeitegemea mwaka mmoja kabla. Waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao. Wanawake wa Kongo walikuwa bado hawajapewa haki hiyo. Na hawakumpigia rais moja kwa moja. Walichagua wabunge wa taifa na wa jimbo, na bunge ndilo lingemchagua rais.

Katika jimbo la Katanga, ambalo Albertville ilikuwa sehemu yake, mtu yeyote angeweza kubashiri ramani ya kura kwa kutazama asili ya watu. Kusini, kwenye migodi ya shaba, kulikuwa na ugomvi wa wenyeji na wageni. Uchaguzi wa manispaa wa Élisabethville mwaka 1957 uliwapa ushindi watu wenye asili ya Kasai na kwingineko, na wenyeji wakajibu mwaka uliofuata kwa kuunda Conakat, chama kilichokuja kuongozwa na Moïse Tshombe. Kaskazini, kwenye ardhi ya Waluba wa Katanga, mwenye sauti alikuwa Jason Sendwe na chama chake cha Balubakat. Kwa muda mfupi Balubakat ilikuwa ndani ya Conakat, kisha mwishoni mwa 1959 ikajitoa. Ikafanya umoja na vyama vya Wakasai na Wachokwe, ukaitwa Kartel.

Matokeo yalitoka karibu sawasawa na utabiri. Conakat ilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo, Kartel viti 23, na waliobaki wengi wao walikuwa wagombea binafsi. Kwa idadi ya kura Kartel ilikuwa mbele kidogo ya Conakat, lakini viti ndivyo vilivyohesabika. Wagombea binafsi wakaelemea kwa Tshombe. Sheria ya Msingi, ambayo Wabelgiji waliitunga iwe katiba ya muda, ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawepo ukumbini ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe, yaani watu 40. Sendwe na wenzake wakaona mlango. Wakisusia kikao wao 23, hata wengine wote wakihudhuria watakuwa 37. Hakuna kikao, hakuna serikali ya Tshombe.

Hesabu yao haikuwa na kosa. Katikati ya Juni 1960, wiki mbili tu kabla ya uhuru, Bunge la Ubelgiji likabadilisha Sheria ya Msingi ili wingi wa kawaida utoshe. Conakat ikakaa na wenzake, ikaunda serikali bila Balubakat, na tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kuitenga Katanga na Kongo. Watu wa kaskazini walikuwa wamepiga kura vizuri na kupanga vizuri. Kanuni ndiyo iliyobadilishwa chini ya miguu yao. Kila ninaposikia mtu akisema siasa za Kongo hazitabiriki, nakumbuka Juni ile. Zilitabirika kabisa. Kilichokosekana kwenye utabiri ni swali la nani mwenye kalamu ya sheria.

Urais wenyewe uliamuliwa Léopoldville tarehe 24 Juni 1960, ndani ya mabaraza mawili yaliyokaa pamoja. Joseph Kasa-Vubu alimshinda Jean Bolikango kwa tofauti kubwa. Hapo mbashiri hakuhitaji kujua asili ya mtu wala lugha yake. Alihitaji kujua makubaliano. Chama cha Patrice Lumumba kilikuwa na viti vingi kuliko chama kingine chochote, ingawa hakikufika hata theluthi ya baraza la wawakilishi. Ili serikali yake ipite, mpinzani wake mkubwa alipaswa kupewa kiti cha heshima. Bolikango naye alikuwa ameahidiwa msaada na baadhi ya walewale waliokuja kumpigia Kasa-Vubu. Somo hilo la muungano unaofungwa usiku na kufunguliwa asubuhi tutalikuta tena miaka 58 baadaye.

Yaliyofuata yalikuwa ya damu, na Albertville iliyaona kwa karibu. Kaskazini mwa Katanga kuliwaka vita kati ya askari wa Tshombe na vijana wa Balubakat. Sendwe, mtu ambaye kura zilimpa kaskazini na kanuni ikamnyima jimbo, aliuawa Albertville mwezi wa Juni 1964, wakati wa uasi wa Simba. Miongoni mwa viongozi wa uasi ule upande huu wa ziwa alikuwamo kijana wa Kiluba aitwaye Laurent-Désiré Kabila.

Mwaka 1965 kulikuwa na nafasi ya mwisho ya kubashiri. Muungano wa Tshombe, CONACO, ulichukua viti 122 kati ya 167, na urais ulikuwa unakuja. Ilionekana wazi kwamba Kasa-Vubu na Tshombe watagombana, na kwa hesabu ya viti Tshombe alikuwa na nafasi kubwa. Kasa-Vubu akamfukuza Tshombe, ambaye sasa alikuwa waziri mkuu wa Kongo nzima, mwezi wa Oktoba, akamteua Évariste Kimba, Mluba wa Katanga. Bunge likamkataa Kimba. Tarehe 24 Novemba jenerali Joseph-Désiré Mobutu akawaondoa wote. Kimba alinyongwa hadharani mwaka uliofuata.

Miaka ya Mobutu haina mengi kwa msimulizi wa ubashiri. Uchaguzi wa rais wa 1970 ulikuwa na mgombea mmoja na karatasi mbili: ya kijani kwa anayekubali, nyekundu kwa anayekataa, na kila mtu aliona rangi uliyoshika. Walioandikwa kukubali walizidi milioni 10. Waliokataa, kwa nchi nzima, waliandikwa 157. Mwaka 1984 alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 99. Kizazi kizima cha Kalemie kilikua kikijua jibu kabla ya swali kuulizwa, na mazoea hayo yaliacha alama: hata leo mzee wa makamo akikuambia "huyu ameshapita", huwa hazungumzii kura.

Vita viwili ndivyo vilivyofungua tena njia ya sanduku la kura. Mapema Februari 1997 askari wa AFDL, kundi la Laurent Kabila lililopigana na Mobutu, waliingia Kalemie, na tarehe 17 Mei Kinshasa ikaanguka. Kabila, yule kijana wa 1964, akawa rais. Agosti 1998 vita vya pili vikaanza na Kalemie ikachukuliwa na waasi wa RCD, walioungwa mkono na Rwanda. Walikaa hapa mpaka nchi ilipounganishwa na serikali ya mpito mwaka 2003. Mzee Kabila hakuuona mwisho wa vita hivyo. Aliuawa Januari 2001, na mwanawe Joseph, kijana wa miaka 29, akawekwa mahali pake.

Hivyo ndivyo tulivyofika Julai 2006, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka 41, na uchaguzi ambao ubashiri wa bandarini Kalemie ulifaulu kuliko wakati wowote. Nitakaa hapo kidogo.

Wagombea urais walikuwa 33. Karatasi ya kura ilikuwa pana, picha zimepangwa safu kwa safu, na mtu asiyejua kusoma alitafuta uso. Walioandikishwa walizidi milioni 25. Étienne Tshisekedi, mpinzani mkongwe, alisusia. Kwa hesabu ya nguvu za silaha na fedha, RCD ilipaswa kuwa na kitu: kwa miaka karibu mitano ilikuwa imetawala sehemu kubwa ya mashariki, ikikusanya kodi na kuteua wakubwa wa mitaa. Kiongozi wake, Azarias Ruberwa, alipata asilimia 1.69. Miji aliyoitawala haikumpa kitu. Bunduki inaweza kumlazimisha mtu alipe kodi, lakini haikuweza kuingia naye kwenye kibanda cha kupigia kura, na ninauona huu kuwa ushahidi mzuri kuliko wote kwamba kura ya 2006 ilikuwa kura kweli.

Joseph Kabila alikuwa na kila kitu ambacho mbashiri wa Kalemie huuliza. Babake alikuwa wa huku, kaskazini mwa Katanga. Kwa hiyo ni mtoto wa kwetu. Alilelewa Tanzania, Kiswahili chake kilitiririka, na Kilingala kilimpa shida, jambo ambalo Kinshasa lilimshusha na huku lilimpandisha. Zaidi ya yote, bunduki zilikuwa zimepungua chini yake. Mwanamke aliyelala porini mwaka 1999 na kulala nyumbani mwaka 2006 hakuhitaji ilani ya chama. Duru ya kwanza ilimpa asilimia 44.81, Jean-Pierre Bemba, mtu wa Équateur, 20.03, na mzee Antoine Gizenga, aliyekuwa naibu wa Lumumba, 13.06.

Duru ya pili, tarehe 29 Oktoba, ilikuwa mtihani halisi wa vigezo. Lugha na upande viligawa nchi kama kisu: majimbo matano ya mashariki yakamchagua Kabila, Katanga ikimpa zaidi ya asilimia 90, majimbo sita ya magharibi na kati, kutoka Équateur hadi Kasai zote mbili, yakamchagua Bemba. Bemba alikuwa na majimbo mengi, Kabila alikuwa na watu wengi. Matokeo ya mwisho yakawa 58.05 kwa 41.95.

Ndani ya matokeo hayo kuna jambo ambalo wengi walilipita. Gizenga alikuwa ameungana na Kabila, akiahidiwa uwaziri mkuu, na aliupata. Wafuasi wake wa Bandundu walipaswa kumfuata. Hawakumfuata. Bandundu ilimpigia Bemba. Kauli ya mzee anayeheshimiwa, hata aliyekaa siasani tangu uhuru, ilishindwa na lugha na upande. Tangu siku hiyo najihadhari na mbashiri anayejumlisha kura za viongozi waliopeana mikono.

Kenya, kujumlisha kwa namna hiyo kulionekana kufaulu. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, mchambuzi Mutahi Ngunyi alitazama takwimu za waandikishwaji wa kila eneo akasema shauri limekwisha kabla ya siku ya kura, kwa sababu jamii zilizomfuata Uhuru Kenyatta na William Ruto zilikuwa zimejiandikisha kwa wingi zaidi. Uhuru alitangazwa kwa asilimia 50.07. Kwa Kongo kipimo cha daftari la wapiga kura kina tatizo kubwa. Nchi haijawapa raia wake walio wengi kitambulisho cha taifa kwa miongo mingi, na kadi ya mpiga kura ndiyo inayokupitisha kwenye kizuizi cha polisi, ndiyo inayokufungulia akaunti ya simu. Watu wanajiandikisha kwa sababu ya kadi. Daftari likijaa, usidhani vituo vitajaa.

Kufikia 2011 vigezo vilikuwa vimeanza kulegea. Vital Kamerhe, mtu wa Kivu Kusini aliyekuwa ameongoza kampeni ya Kabila na kuwa spika, alijitenga na kugombea mwenyewe, akipasua kura ya Kiswahili. Étienne Tshisekedi naye aliingia safari hii. Lakini kigezo kikubwa cha mwaka huo kilitokea Januari, bungeni: katiba ilirekebishwa, duru ya pili ikafutwa. Aliyeelewa Juni 1960 alikuwa na haki ya kubashiri Novemba 2011 palepale. Kabila alitangazwa na asilimia 48.95, Tshisekedi 32.33, Kamerhe 7.74. Kwa kanuni ya 2006, kungekuwa na duru ya pili.

Na kulikuwa na mambo mengine. Waangalizi wa Carter Center walionyesha kwamba baadhi ya maeneo ya Katanga yaliandika mahudhurio ya asilimia 99 hadi 100, kura zote au karibu zote zikimwendea rais aliyeko madarakani, huku Kinshasa, ngome ya upinzani, matokeo ya vituo karibu 2,000 yakipotea. Ninaandika haya nikiwa mtu wa upande huu, na yananiuma. Katanga ya kaskazini ilimpenda Kabila mwaka 2006 kwa haki yake. Haikuhitaji kuandikiwa asilimia 100.

Baada ya hapo mambo ya hapa yakabadilika haraka. Mwaka 2015 Katanga ilikatwa vipande vinne na Kalemie ikawa makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Mgogoro wa Watwa na Waluba, uliokuwa ukifukuta tangu 2013, ulilipuka, na kufikia 2017 maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia pembezoni mwa mji, Katanika na kwingineko, wakiishi chini ya maturubai na nyasi. Uandikishaji wa wapiga kura ulifanyika katikati ya msukosuko huo. Mtu aliyeandikishwa kijijini kwake kisha akakimbilia mjini, kura yake ilibaki kijijini. Uchaguzi uliotakiwa 2016 ulisogezwa, ukasogezwa tena, na amani, kigezo kilichombeba Kabila mwaka 2006, ilikuwa imeshageuka kuwa deni lake.

Kabila hakugombea tena. Alimweka Emmanuel Ramazani Shadary, mtu wa Kabambare huko Maniema, jirani yetu kabisa, msema Kiswahili, mwenye serikali, magavana na redio ya taifa nyuma yake. Kwa kanuni ya upande na lugha, Tanganyika ilipaswa kuwa yake bila jasho. Upande wa pili, wapinzani walikutana Geneva tarehe 11 Novemba 2018 wakamteua Martin Fayulu, mtu ambaye wengi wa huku walikuwa hawajamsikia. Kesho yake Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, na Kamerhe wakafuta sahihi zao. Mkono uliofungwa usiku ukafunguliwa asubuhi, na kabla mwezi haujaisha wawili hao walikuwa wameungana Nairobi.

Fayulu alibaki na Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga aliyezuiwa kurudi nchini, na Bemba, aliyekataliwa kugombea. Kwa hesabu ya Bandundu 2006 ningesema kauli ya viongozi wasiogombea haihamishi kura. Mwaka 2018 ilihamisha. Uchunguzi wa maoni wa BERCI na Kikundi cha Utafiti juu ya Kongo, uliotoka siku chache kabla ya kura, ulimpa Fayulu asilimia 47, Tshisekedi 24, Shadary 19. Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba Gizenga aliwaomba watu wake wavuke kwenda upande wa mtawala, na Katumbi na Bemba waliwaambia watu wao wabaki pale walipokuwa tayari: upande wa kubadilisha. Hasira ya kusubiri miaka miwili ilikuwa imeishinda lugha. Kampeni ya Fayulu ilipofika Lubumbashi na Kalemie katikati ya Desemba ilikutana na ghasia, na mgombea dhaifu hafanyiwi ghasia.

Tarehe 30 Desemba 2018 watu walipiga kura kwa mashine. Beni, Butembo na Yumbi, zaidi ya wapiga kura milioni moja, waliambiwa wasubiri hadi Machi, wakati rais angekuwa ameshaapishwa. Hiki nacho ni kigezo ambacho vitabu vya Marekani havina: mahali ambapo uchaguzi haufanyiki.

Tuingie ndani ya kituo jioni ile, kwa sababu hapo ndipo jambo lote lilipo. Ni darasa la shule. Kura imefungwa, mlango unafungwa, taa ya betri inawekwa mezani. Sanduku linafunguliwa mbele ya mashahidi wa vyama, karatasi zinahesabiwa kwanza kwa jumla, kisha zinafunuliwa moja moja, jina linasomwa kwa sauti, karatasi inaonyeshwa kwa kila jicho, na mtu anachora kijistari. Tano tano. Wakimaliza, wanaandika hesabu kwenye fomu ya matokeo, mashahidi wanatia sahihi, nakala inabandikwa mlangoni. Asubuhi watoto wa mtaa wanaisoma kabla ya walimu. Kutoka mlangoni pale, fomu inapelekwa kituo cha kujumlisha, na kutoka huko jumla inakwenda Kinshasa.

Kanisa Katoliki liliweka waangalizi karibu 40,000 kwenye milango hiyo. Mapema Januari maaskofu walisema takwimu zao zinaonyesha mshindi wazi, bila kumtaja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 2019, mwenyekiti wa CENI Corneille Nangaa alitangaza: Félix Tshisekedi 38.57, Fayulu 34.83, Shadary 23.84. Maaskofu walisema hayo hayalingani na walichokusanya. Takwimu zilizovuja na kuchambuliwa na gazeti la Financial Times zilimpa Fayulu karibu asilimia 60. Umoja wa Afrika uliomba matangazo ya mwisho yasimame. Mahakama ya Katiba ikayathibitisha. Na muungano wa Kabila, ambao mgombea wake alipata chini ya robo ya kura za urais, ukatangazwa kuwa na zaidi ya viti 300 kati ya 500 bungeni.

Uchunguzi wa maoni haukukosea kuhusu wapiga kura. Mbashiri pekee aliyepatia mshindi ni yule aliyeuliza nani anaweza kupatana na nani baada ya kura. Alikuwa akitumia kanuni ya Juni 1960.

Mapatano yale ya Tshisekedi na Kabila yalivunjika mwishoni mwa 2020, na mtu wa Kalemie aliona kuvunjika kwake mlangoni: Mei 2021 bunge la jimbo la Tanganyika lilimwangusha gavana Zoé Kabila, mdogo wake Joseph, kwa kura ya kutokuwa na imani. Jimbo la baba yao. Kigezo cha mtoto wa kwetu, kilichoonekana kuwa mwamba, hakikudumu hata miaka 15.

Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 haukuwa mgumu kubashiri. Tshisekedi alikuwa madarakani. Bemba na Kamerhe walikuwa mawaziri wake. Duru ilikuwa moja. Wapinzani walishindwa kukubaliana. Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018 na ambaye dunia nzima inamjua, hakufikisha asilimia 1. Tshisekedi alipewa 73.47, Katumbi kama 18. Kati ya karibu milioni 44 walioandikishwa, waliopiga kura walikuwa kama asilimia 43 tu. Masisi na Rutshuru hawakupiga, kwa sababu ya vita vya waasi wa M23. Vituo vilifunguliwa kwa kuchelewa, kura ikaendelea siku kadhaa zaidi ya iliyopangwa, na mwezi uliofuata CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 wa bunge la taifa, mabunge ya majimbo na mabaraza ya miji kwa udanganyifu na makosa mengine. Ushindi wenyewe sina sababu ya kuukana. Ukubwa wake sina njia ya kuupima.

Uchaguzi ujao unatakiwa Desemba 2028. Tangu Oktoba 2024 rais amekuwa akizungumzia kubadilisha katiba, na mwaka 2025 Goma na Bukavu zilichukuliwa na M23. Anayetaka kubashiri 2028 kutoka Kalemie asianze na kabila la mgombea. Aanze na maswali haya: Je, katiba itakuwa ile ile? Duru zitakuwa ngapi? Ni maeneo gani hayatapiga kura? Nani ataongoza CENI? Na kijana atakayekuwa shahidi wa chama chochote kile, Lubuye, Kataki au Katanika, namwomba jambo moja. Usitoke darasani bila nakala ya fomu yenye sahihi, na iliyobandikwa mlangoni ipige picha kabla ya mvua. Matokeo ya urais ya 2018, kituo kwa kituo, CENI haijayachapisha mpaka leo.